Jinsi ya kuwatafuta vyura wa kioo usiku bila kuwaharibia mayai yao

Hii naiandika kwa wenzangu wanaopenda vyura kwa dhati, wanafunzi wa baiolojia, waongoza watalii, na ndugu zetu walioko Marekani ambao kwao Kosta Rika ni ndege ya masaa machache tu wakati sisi huku tunaunganisha ndege mbili tatu. Mi kwetu ni Muheza, kazi yangu ni kutembeza wageni usiku kwenye msitu wa Amani, na msimu mmoja wa mvua nilipata nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha utafiti huko Kosta Rika. Nilienda nikiamini vyura nawajua. Usiku nne za kwanza nikatoka kapa, naingia kijitoni narudi sijaona hata mmoja, mpaka mama mmoja mwenyeji aliyekuwa anapika pale kituoni akaniambia neno ambalo ndo nataka ulibebe kabla ya kitu kingine chochote: acha kutafuta chura, tafuta mayai, ukiyaona mayai baba yao hayuko mbali.

Unamtafuta nani hasa

Vyura wa kioo ni familia nzima, kitaalamu Centrolenidae, spishi zaidi ya 150, na wote wako Amerika tu, kuanzia kusini mwa Meksiko ukishuka mpaka Bolivia, kaskazini mwa Ajentina na kusini mashariki mwa Brazili. Afrika hatuna hata mmoja. Nasema hili wazi maana kila mara naona picha ya chura mdogo wa matete wa huku kwetu, ngozi inapitisha mwanga, mtu kaandika "chura wa kioo wa Tanzania". Yule ni Hyperolius, ukoo mwingine kabisa, ingawa kuna tabia moja inafanana mpaka inanigusa: wengi wa Hyperolius nao wanataga kwenye majani juu ya maji, na binamu yao Afrixalus analikunja jani na kuligundisha mayai yakiwa ndani. Shida ni ile ile, yai likiwa majini lina wa kulila wengi, na vyura wa pande mbili za bahari kila mmoja kivyake akakimbilia kwenye jani.

Wengi zaidi wako Andes ya kaskazini, Kolombia na Ekuador. Sababu utaielewa ukitazama milima yenyewe, mabonde yamekatana katana, kila bonde na kijito chake, na mdudu wa sentimita mbili hawezi kupanda kilele akashukia upande wa pili, kwa hiyo kila kundi linabaki kwake miaka na miaka mpaka linakuwa spishi yake. Mwaka 2022 zilitangazwa spishi mbili mpya za Ekuador, Hyalinobatrachium mashpi na Hyalinobatrachium nouns, zinafanana kiasi kwamba ilibidi jeni ndo ziseme, na makazi yao yameachana kilomita kama 20 tu, mmoja upande huu wa mto Guayllabamba mwingine upande ule. Tunaotoka Usambara hili tunalielewa haraka, maana kwetu pia kila mlima una kinyonga wake.

Kwa umbo, wengi ni sentimita 2 hadi 3, yaani pingili ya juu ya kidole gumba. Mkubwa kuliko wote, Centrolene geckoideum, anafika kama sentimita 8, na ndo wa kwanza wa ukoo huu kuandikwa kisayansi, 1872, na Mhispania Marcos Jiménez de la Espada. Mgongoni ni kijani cha ndimu mbichi, macho yanatazama mbele (vyura wengine wa miti macho yao yanatazama pembeni, ukilizoea hili linakusaidia sana), na tumboni ngozi haina rangi, unaona utumbo, ini, mayai ya jike kabla hajataga, na kwa baadhi unaona moyo unadunda.

Chagua kijito kabla ya kuchagua hoteli

Kwa mtu wa mara ya kwanza nashauri Kosta Rika, si kwamba ndo yenye wengi zaidi, ila njia zinapitika, wenyeji wamezoea watu wa usiku, na kwenye nchi ndogo vile kuna spishi zaidi ya kumi. Upande wa Karibi angalia maeneo ya Sarapiquí na Siquirres, upande wa Pasifiki rasi ya Osa. Pasifiki nenda kati ya Mei na Novemba mvua ikiwa imekolea. Karibi mvua inanyesha karibu mwaka mzima kwa hiyo una uhuru zaidi.

Ukifika usiulize tu wapi kuna vyura. Waambie unatafuta "ranas de vidrio" na uulize kuhusu "quebrada", ndo neno lao la kijito. Kijito kizuri ni kile cha maji yanayotembea, safi, mawe mengi, msitu umekiinamia pande zote mbili kiasi kwamba majani yananing'inia juu ya maji kimo cha mtu. Dimbwi lililotuama pita. Alafu uliza juu kuna nini, maana huko Sarapiquí kuna mashamba makubwa ya mananasi na ndizi, na kijito kinachotokea shambani kikiwa na dawa unaweza kukuta mandhari nzuri kabisa lakini kimya, hakuna anayelia.

Vitu vya kubeba

Gambuti ndefu, hili halina mjadala, maana kandokando ya vijito vile anakaa terciopelo, nyoka mwenye sumu kali ambaye rangi yake ni ile ile ya majani makavu, na usiku ndo muda wake. Tochi ya kichwa yenye mwanga wa kupunguza na tochi ya pili ya mkono. Koti la mvua. Na kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa, kioo kidogo cha kujitazamia kile cha kwenye mkoba wa mama, kifunge kwenye kijiti cha urefu wa mkono. Nitakwambia kazi yake hapo chini.

Dawa ya mbu paka kwenye nguo, viganjani usipake. Ngozi ya chura inanyonya kila kitu. Na ukiteleza usishike mti ovyo, kule kuna sisimizi mkubwa mweusi wanamwita "bala", yaani risasi, na ukishaumwa naye utaelewa kwa nini.

Kuingia majini

Jua linazama karibu saa 12 jioni kama kwetu tu. Ingia kuanzia saa 1 usiku, na usiku mzuri ni ule mvua imenyesha mchana au inanyunyiza polepole, hakuna upepo. Upepo unakausha ngozi na unakausha mayai kwa hiyo madume wanakuwa wazito kulia. Mvua kubwa ya kumwagika nayo usiende, hutasikia kitu na kijito kinaweza kujaa ghafla.

Tembea ukipandisha, yaani ukielekea maji yanakotoka, ili tope unalotibua libaki nyuma yako na mbele maji yawe safi. Kanyaga mawe. Zile kona ambazo majani makavu yamerundikana chini ya maji ziache kabisa maana humo ndo wanaishi viluwiluwi wao, tutafika.

Alafu zima tochi. Ndio, zima, simama dakika tano gizani usikilize. Kelele ya maji mwanzoni inafunika kila kitu, ila sikio likizoea utaanza kutenganisha. Hyalinobatrachium fleischmanni, ambaye ni wa kawaida sana, analia kama mluzi mfupi mwembamba unaopanda mwishoni, anarudia kila baada ya muda kidogo. Espadarana prosoblepon anagonga mara tatu haraka, dik dik dik, mkavu, kama mtu anagonga kokoto mbili. Geuza kichwa taratibu mpaka ujue sauti iko upande gani na kimo gani, kisha washa mwanga wa chini kabisa.

Sasa mulika majani kutokea chini. Hapa ndo siri yote ilipo. Ukimulika kutoka juu unaona kijani juu ya kijani, utapita mbele ya chura kumi bila kujua. Ukisimama kijitoni ukamulika chini ya jani, jani linawaka kama kitambaa mbele ya taa, na kilichoko juu yake kinakuwa kivuli, kilichoko chini yake unakiona chenyewe. Unachokitafuta ni doa la ute unaong'aa, upana kama kifuniko cha soda, lina vipunje ndani.

Kuyasoma mayai

Ukilipata doa, simama. Angalia kwanza liko upande gani wa jani.

Likiwa chini ya jani, mayai meupe kama maziwa au ya kijani hafifu, unakaribia kuwa na uhakika ni Hyalinobatrachium. Likiwa juu ya jani au karibu na ncha, na mayai ni meusi au kahawia iliyokolea, fikiria Espadarana, maana yai lililo wazi juu linahitaji rangi. Kisha mtazame chura mwenyewe. Espadarana na jamaa zake mifupa yao ni ya kijani, kweli kabisa, unaiona kupitia ngozi ya miguu, inatokana na biliverdini, ile ile rangi ya kijani unayoiona kwenye chubuko linalopona. Hyalinobatrachium mifupa yake ni myeupe. Dume la Espadarana pia lina mwiba mdogo unaotoka begani, na wakigombania sehemu wananing'inia kwa miguu ya nyuma kwenye jani, vichwa chini, wanakabana hivyo hivyo hewani mpaka mmoja aachie.

Kwa moyo, usidanganyike na zile picha maarufu. Hyalinobatrachium valerioi moyo wake unauona mwekundu unadunda. Fleischmanni hapana, moyo wake umefunikwa na utando mweupe. Kwa hiyo ukiukosa moyo usiseme huyu siyo chura wa kioo.

Na hapa ndo kile kioo kinaingia kazini. Jani lililo chini ya kiuno huwezi kuinama mpaka chini yake bila kulitikisa, kwa hiyo ingiza kioo polepole umbali wa shibiri moja, mulika pembeni, utaona kila kitu kwenye kioo na jani halijaguswa. Usiligeuze jani. Narudia, usiligeuze. Mimi niliwahi kulishika jani moja kwa vidole viwili tu nilione vizuri, baba akaruka akadondokea majini, maji yakamchukua, na makundi yake matatu ya mayai yakabaki pale yenyewe. Nilirudi kesho yake usiku hakuwepo. Kesho kutwa kundi moja lilikuwa limeshaliwa limebaki utelezi tu. Bado linanikaa moyoni.

Baba analinda nini

Nieleze sehemu hii kwa urefu kwa sababu ukiielewa hutahitaji kuambiwa sheria nyingine.

Dume ndo mwenye jani. Analia pale pale usiku hadi usiku, jike likivutiwa linakuja, wanashikana, jike linataga mayai ishirini na kitu au thelathini na kitu chini ya jani. Zamani watu walidhani mama anaondoka papo hapo. Baadaye mtafiti Jesse Delia na wenzake, kwenye utafiti uliotoka 2017, wakaonyesha kwamba kwa spishi nyingi mama anabaki saa kadhaa za usiku ule wa kwanza, analala juu ya mayai tumbo limeyagusa, anayapa maji kutoka kwenye kibofu chake, na ule ute unavimba. Ute ukivimba wadudu wanashindwa kuupenya. Kisha mama anaondoka harudi tena.

Kwa Hyalinobatrachium anayebaki ni baba, na anabaki siku nyingi. Anayakalia mayai anayalowesha, anainuka analia kidogo, jike lingine likija linaongeza kundi lingine pembeni, kwa hiyo unaweza kumkuta baba mmoja na makundi matatu, manne, hata zaidi, kila moja na umri wake, moja ni nukta tu na lingine viluwiluwi wanajigeuza geuza ndani. Fleischmanni kwa kawaida analinda usiku. Valerioi yeye yuko hapo usiku na mchana, na mgongo wake una madoa ya manjano yaliyopangika kiasi kwamba ukimtazama akiwa katikati ya makundi yake unaona kama naye ni kundi moja la mayai. Nyigu wakija kuchomoa mayai anawapiga mateke. Adui wengine ni nyoka wanaokula mayai kwenye majani, buibui, jamii ya panzi na nyenje, na nzi wanaotaga humo funza wao.

Mara moja niliketi kwenye jiwe asubuhi, saa 2 hivi, mbele ya baba mmoja wa valerioi. Nyigu alikuja akatua kwenye ukingo wa jani, akatembea. Baba hakuruka. Alirudi nyuma kidogo kidogo mpaka mwili wake ukawa kati ya nyigu na kundi changa zaidi, akatulia, nyigu alipomgusa akachapa mguu wa nyuma mara moja, nyigu akaruka akazunguka akarudi, akachapa tena. Kiumbe chenyewe ni kama pingili ya juu ya kidole chako gumba.

Sasa ukimfukuza huyu kwa mwanga mkali au kwa kushika jani, mayai yanaanza kukauka. Vijusi vyenyewe vinahisi, na imeonyeshwa kwamba baba akikosekana vinaweza kuanguliwa mapema siku kadhaa kabla ya wakati wake ili vijiokoe, ila kiluwiluwi cha kabla ya wakati kinaingia majini kikiwa kidogo na dhaifu. Baba akiwepo wanakaa ndani wakakomaa zaidi. Kwa hiyo kila jani lipe dakika tatu, picha mbili tatu, flashi isiwe moja kwa moja usoni, kisha sogea.

Mchana waache walale

Watu wanataka kumuona chura akiwa kioo kabisa, na ukweli ni kwamba anakuwa hivyo akiwa amelala, mchana, amejibandika chini ya jani. Mwaka 2022 watafiti Carlos Taboada, Delia na wenzao walieleza anavyofanya: akilala anaziondoa karibu asilimia 89 ya seli zake nyekundu za damu kwenye mzunguko na kuzificha ndani ya ini, na ini lenyewe limefunikwa na fuwele zinazoakisi mwanga kama kioo. Uwazi wake unaongezeka mara mbili hadi tatu. Akiamka damu inarudi mishipani kama kawaida, haikuganda hata kidogo, na ndo maana madaktari wa binadamu nao wamevutiwa. Ila kumtafuta mchana maana yake ni kugeuza jani baada ya jani, kwa hiyo usimtafute. Ukitaka mwanga wa mchana nenda kwenye jani la baba wa valerioi uliyemuona jana usiku, hatua tatu nyuma, utosheke.

Na usiku akiwa macho miguu yake bado ni ya uwazi kuliko mwili, kingo zake zinayeyukia kwenye jani, jicho lako halipati mstari wa kuanzia. Ndo sababu nyingine mayai yanaonekana kabla yake.

Viatu

Kabla hujatoka kijito kimoja kwenda kingine sugua gambuti mpaka tope lote litoke, zipitishe kwenye maji yenye dawa ya klorini, zikauke kabisa. Kuna kuvu anayeua vyura, Batrachochytrium dendrobatidis, anasafiri kwenye tope na maji. Kule Monteverde, Kosta Rika, kuna chura wa dhahabu hajaonekana tangu 1989, na huyu kuvu ni mmoja wa wanaotajwa kwenye kisa chake. Sisi Watanzania tuna chura wa Kihansi, maji yalipopungua baada ya bwawa na kuvu huyo huyo akaonekana pale 2003, chura wetu akatangazwa ametoweka porini 2009, ilibidi warudishwe kutoka Marekani walikokuwa wanafugwa, kuanzia 2012. Dakika kumi za kusugua viatu si nyingi.

Kubeba hata mmoja usithubutu. Mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiweka familia yote kwenye Kiambatisho cha II kwa sababu ya biashara ya wanyama wa kufugwa, bila kibali ni kosa.

Rudi kwenye jani lile lile

Jani lako la kwanza lifungie alama, uzi mwekundu kwenye mti wa jirani, siyo kwenye mmea wenyewe. Rudi kila baada ya usiku mbili. Utaona vipunje vinarefuka, mkia unatokea, macho meusi yanatokea, mpaka siku viluwiluwi wanabanana ndani ya ute kama tambi kwenye bakuli. Kisha ngoja usiku wa mvua. Maji yanapita juu ya jani yanazunguka kingo yanalowesha chini, ute unalegea unaning'inia kama kamasi, na mmoja anachomoka, anabaki amening'inia kwenye tone kama sekunde mbili, anadondoka. Alafu mwingine. Akigusa maji anazama moja kwa moja anajichimbia kwenye mchanga na majani yaliyooza, ambako atakaa miezi mingi mwembamba kama mnyoo, mwekundu mwekundu kwa sababu damu inaonekana kupitia ngozi isiyo na rangi. Zima tochi wakianguka, utawasikia kwenye maji yaliyotulia kando ya jiwe, tone dogo dogo lisilofanana na la mvua.